Risala ya Chama cha Kiswahili kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Likoni. Foleni ya feri tunaijua, na kuja kwako ni heshima kubwa kwetu.

Chama kilianza mwaka 2023, mtaala wa umilisi ulipofika Gredi ya 7. Tangu hapo kimepiga hatua kubwa: kina maktaba yake, rafu mbili za vijitabu vilivyotungwa na wanafunzi wenyewe.

Tunasoma hadithi fupi hadi karibu na kilele, tunafunga kitabu, kila kundi linaandika mwisho wake. Kisha tunawahoji wazee wa mtaani, tunaandika, tunahariri. Anayehoji anajifunza kusikiliza. Anayepanga kurasa anajifunza hesabu. Kijitabu cha kurasa 8 hutoka kwenye karatasi 2 za A4 zilizokunjwa, na namba za kurasa mbili zinazokaa upande mmoja lazima zijumlike 9. Zikipotoka, hadithi inaanzia katikati. Pini tumeziacha kwa sababu hewa ya chumvi huzitia kutu. Tunashona kwa uzi, matundu matatu kwenye mkunjo.

Mheshimiwa, tunapokwama ni kwenye kuchapisha. Hadithi moja kwa darasa la wanafunzi 60 ni karatasi 120, pande 240. Dukani, kwa shilingi 5 kila upande, ni shilingi 1,200. Ndiyo maana wanne wanagawana nakala moja, na wa pembeni anaambulia kusikiliza tu.

Mgeni aliyesimama hapo ulipo alituahidi mashine ya kurudufu. Tulipiga makofi, tukafagia chumba, tukaweka meza. Meza ipo. Aliyemfuata naye aliahidi. Barua yetu ya kumkumbusha haijajibiwa. Wakubwa wana majukumu mengi, tunaelewa, lakini walioandika hadithi za wakati huo wamemaliza shule bila kuziona zimechapwa kwa darasa zima.

Tunakuomba kitu kimoja: mashine hiyo, pamoja na wino, roli za masta, yaani karatasi nyembamba ambayo mashine huitoboa kwa umbo la maandishi ili wino upite, na fundi wa kutufunza. Bila masta haitoi hata ukurasa mmoja. Karatasi tutanunua wenyewe, rimu moja inatosha hadithi nne, na tutaziweka kwenye ndoo yenye kifuniko, maana unyevu wa Pwani huzigandanisha zikaingia mbili mbili, mashine ikakwama.

Kabla hujaondoka, tafadhali tuandikie kwenye daftari la wageni tarehe ya kuileta na afisa tutakayemfuatilia. Mwenyekiti wa Bodi atatia sahihi kama shahidi.

Ahsante.

Ni sisi,
Kamati ya Chama cha Kiswahili