Kulungu aliyejeruhiwa asiachwe porini

Mhariri,

Msimu wa kulungu unapokaribia hapa Ohio, mazungumzo ya Waswahili wanaowinda hugeukia bunduki: nani kanunua ipi, darubini yake inavuta mbali kiasi gani, imegharimu dola ngapi. Naomba nafasi niseme juu ya jambo linaloachwa nyuma, nalo ni kulungu anayepigwa vibaya, akakimbia na jeraha lake, akaenda kufia vichakani asipatikane. Mnyama huyo ameteseka, hakuliwa na mtu, wala hakuhesabiwa. Tukisema ni bahati mbaya tunajidanganya. Mara nyingi kosa lilifanyika mwezi mmoja kabla, kwenye uwanja wa shabaha ambako mwindaji hakwenda, au lilifanyika katika nusu saa ya kwanza baada ya mlio.

Wasomaji wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, wana haki ya kuuliza kwa nini watu wawinde kwa kujifurahisha. Jibu la Ohio ni hili. Kufikia 1904 kulungu walikuwa wamekwisha katika jimbo zima kwa kuwindwa bila mpaka na kukatiwa misitu. Waliporudi, msimu wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1943 katika kaunti 3 tu. Leo wawindaji huchukua zaidi ya 200,000 kwa msimu na kundi bado limesimama imara. Fedha za kuwatunza hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye leseni, na kwenye kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi, ambayo sheria ya shirikisho ya 1937 huielekeza kwa wanyamapori. Mpangilio huo unategemea mwindaji anayefuata kanuni hata pale ambapo hakuna askari wa wanyamapori anayemtazama.

Nieleze pia jina. Tunamwita kulungu kwa kukosa jina lake hasa. Kulungu wa kwetu, ambaye wengine humwita pongo, hana pembe za kuanguka. Huyu wa Marekani dume lake huangusha pembe kila majira ya baridi na kuotesha nyingine. Hilo lina uzito wa kisheria, kwa sababu Ohio humruhusu mwindaji mnyama mmoja tu mwenye pembe kwa mwaka, awe amempiga kwa silaha yoyote na katika kaunti yoyote, na pembe huhesabiwa kuanzia inchi 3. Tazama kichwa vizuri kabla hujatazama ubavu.

Karatasi zenyewe si ngumu. Anayeanza anapita kozi ya uwindaji, au anakata leseni ya uanagenzi na kuwinda akiongozana na mtu mzima mwenye leseni. Juu ya leseni kuna kibali cha kulungu. Kwenye shamba la mtu unahitaji ruhusa ya maandishi, nayo uwe nayo mfukoni. Saa za kuwinda ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Katika msimu wa bunduki kila mwindaji wa kulungu, hata wa upinde, avae kizibao au koti la rangi ya machungwa inayoonekana. Ukishampiga, jaza lebo papo hapo, kisha uripoti kabla ya saa sita mchana ya siku inayofuata. Siku ya mwisho ya msimu muda huo ni mfupi zaidi. Kitabu cha kanuni hutolewa upya kila mwaka, na kila mwaka kisomwe upya.

Kwenye silaha ndiko wengi wanakosea kwa kutojua. Ohio hairuhusu raifo za kawaida kwa kulungu. Tangu 2014 zinaruhusiwa raifo ambazo ganda la risasi yake limenyooka, halibani shingoni, kipenyo kuanzia .357 hadi .50 ya inchi, ndiyo maana risasi aina za .350 Legend (ambayo kipenyo chake hasa ni .357) na .450 Bushmaster zimeenea sana huku. Bunduki ya marisau inaruhusiwa, lakini ukiijaza marisau umevunja sheria: ni slagi tu, yaani risasi moja nzito. Bunduki hizo zisiwe na zaidi ya risasi 3 kwa jumla, ya chemba ikihesabiwa. Gobore lina msimu wake mwezi Januari. Upinde uwe na mvuto wa ratili 40 au zaidi.

Slagi zenyewe ziko aina mbili na duka halitakuuliza unayo bunduki gani. Ile iliyochongwa mistari ubavuni ni ya mtutu laini. Ile iliyovishwa ala ya plastiki, wanayoiita saboti, ni ya mtutu wenye mifereji ndani. Saboti ikipita kwenye mtutu laini haizungushwi, hivyo hupinduka hewani, na kwa mita 70 inaweza kukosa hata gunia la mahindi. Mtu hulaumu darubini, akaizungusha wee, kumbe kosa ni sanduku la risasi.

Kulenga shabaha kufanyike wiki kadhaa kabla, kwa risasi zilezile utakazoendea porini, si za bei nafuu za mazoezi. Kwanza kaza skrubu za vishikio vya darubini. Egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga 3, acha mtutu upoe, ndipo urekebishe. Ukishatosheka, ondoka mezani. Piga ukiwa umekaa chini, umepiga goti, umeegemea mti, umevaa koti lile zito la baridi, kwa sababu koti hubadilisha namna kitako kinavyokaa begani. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa sentimita 20 hadi 25, kama sahani ndogo. Umbali ambao risasi zako zote huingia ndani ya sahani hiyo ukiwa katika mkao wa porini ndio umbali wako halali. Kwa wengi ni yadi 100, kwa wengine 60, na hakuna aibu. Raifo ya .350 Legend iliyowekwa sawa kwa yadi 100 hushuka takriban sentimita 20 ikifika yadi 200: hiyo ni sahani nzima.

Porini, subiri ubavu. Kulungu akisimama ubavu, lenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Akigeuka kidogo kwenda mbali nawe, lenga kwa kufikiria mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikutazama kifua kwa kifua, akikupa mgongo, au akikimbia, acha. Acha pia kichwa. Ubongo ni mdogo na kichwa hakitulii. Risasi ikishuka inchi chache huvunja taya, na mnyama atatembea siku nyingi akifa kwa njaa. Wanaojisifu kwa risasi za kichwa hawawahesabu wale waliokwenda na taya zilizovunjika.

Wanaokaa juu ya mti wavae mkanda wa mwili mzima na waufunge kwenye kamba ya usalama kabla miguu haijaacha ardhi. Bunduki ipande baadaye kwa kamba, ikiwa tupu. Kuanguka kutoka kwenye vikalio hivi ni mojawapo ya ajali kubwa kabisa za uwindaji huu.

Sasa ile nusu saa. Mlio ukishatoka, usishuke. Angalia alivyoitika: akirusha miguu ya nyuma, mara nyingi ni moyo au mapafu, akijikunja mgongo na kuondoka kwa hatua fupi, umempiga tumboni. Kariri mti wa mwisho aliopita. Kisha nenda polepole hadi aliposimama usome damu. Damu nyepesi yenye povu ni mapafu: ngoja nusu saa, na kwa kawaida utamkuta ndani ya mita 100. Damu nzito iliyoiva ni ini: ngoja saa 3 au 4. Majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ya kinyesi ni tumbo, na hapo rudi ulikotoka kimyakimya, ngoja saa 8 hadi 12. Kulungu wa tumbo asiyefukuzwa hulala karibu. Akisukumwa huinuka na kwenda kilomita, na damu huacha kudondoka kwa sababu mafuta na utumbo huziba tundu. Ukifuatilia, tembea pembeni mwa njia ya damu, weka kipande cha karatasi ya chooni kwenye kila alama, ukipoteza rudi kwenye ya mwisho na uzunguke kwa miduara inayopanuka. Mbwa wa kunusa anaruhusiwa akiwa kwenye kamba. Damu ikivuka uzio, simama umtafute mwenye shamba: ruhusa ya jirani yake haikupi haki ya kuingia kwake.

Hapa sisi Waislamu tuna la kuangalia zaidi. Bismillahi husemwa wakati wa kufyatua, haisubiri mzoga. Wanazuoni wengi wa leo wanakubali windo la risasi kwa kuwa linatobolewa, kwa kufuata Hadithi ya sahaba Adiyy bin Hatim: kilichouawa kwa kutobolewa huliwa, kilichouawa kwa kupondwa hakiliwi. Ukimkuta bado ana uhai wa kutulia, yaani hajafikia kukata roho, kuchinja kunawajibika, kwa hiyo muulize askari wa wanyamapori kabla ya msimu namna inayokubalika ya kummalizia. Hamu ya kuwahi kuchinja ndiyo inayowafanya baadhi yetu kukimbilia kulungu wa tumbo, na ndivyo anavyopotea. Tena aliyejeruhiwa tumboni hupenda kuelekea majini, na windo lililokutwa limekufa ndani ya maji tumekatazwa kulila, kwani hujui kama limeuawa na jeraha au maji. Kwa hiyo fiqhi na shabaha zinadai kitu kimoja: mapafu yote mawili au usifyatue.

Nyama nayo ina sheria zake. Haiuzwi, unaweza kugawa. Toa matumbo mapema bila kutoboa kibofu, na joto la hewa likizidi nyuzi 4 za Selsiasi, jaza mifuko ya barafu kifuani. Risasi za madini ya risasi humeguka vipande visivyoonekana; kata kwa ukarimu kuzunguka tundu, na penye watoto au mjamzito nunua za shaba. Ugonjwa wa kulungu wa kukonda uligunduliwa kwa kulungu wa mwituni hapa Ohio mwaka 2020, Kaunti ya Wyandot. Unaenezwa na protini iliyoharibika ambayo moto wa jikoni hauiui. Haijathibitika kumwambukiza binadamu, lakini nyama ya aliyepimwa akakutwa nao isiliwe. Vua nyama kwenye mifupa bila kupasua uti wa mgongo kwa msumeno, usile ubongo, macho wala tezi, na kwenye kaunti zenye ugonjwa peleka kichwa kipimwe. Supu ya kichwa, tunayoipenda sote, huku tuiache.

Naomba barua hii itoke kabla ya mwisho wa Septemba, upinde unapofunguliwa. Na wazoefu wa Columbus, Akron na Dayton, mkiwaona wageni wetu, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo, wananunua bunduki ya kwanza, nendeni nao uwanja wa shabaha Jumamosi moja na sahani ya karatasi.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio