Wageni wawe waandaaji wa sherehe, si watumbuizaji tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu sherehe za tamaduni ambazo mitaa, shule na nyumba za ibada huandaa kila mwaka, hasa ifikapo tarehe 21 Mei, siku ya kimataifa ya tamaduni mbalimbali. Siku hiyo ilitangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya UNESCO, shirika la umoja huo linaloshughulikia elimu, sayansi na utamaduni, kupitisha tamko lake kuhusu utamaduni wa watu mbalimbali. Naziunga mkono sherehe hizi kwa dhati, na ndiyo maana inaniuma kuona zinavyopangwa. Wahamiaji na wakimbizi huitwa jukwaani wakiwa na mavazi yao, wakacheza dakika tano, wakapigiwa makofi, kisha wakarudi kukaa upande wao. Watu wanatawanyika bila hata kujuana majina.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alitaja mambo manne yanayosaidia watu wa makundi tofauti kupunguza chuki wanapokutana: wawe na hadhi sawa katika shughuli hiyo, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na viongozi wa mahali hapo waunge mkono waziwazi. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichapisha uchambuzi wa tafiti zaidi ya 500, wakaonyesha kwamba kukutana hupunguza chuki kwa kawaida, na masharti hayo yakiwepo hupunguza zaidi. Sasa tazama jukwaa: mmoja anatumbuiza, mwingine anatazama. Hadhi sawa iko wapi? Panapopatikana yote manne ni kwenye kamati ya maandalizi. Waliosema mgeni siku ya tatu mpe jembe hawakukosea.

Kwa hiyo nusu ya kamati iwe wageni, tangu kikao cha kwanza, walau miezi mitatu kabla. Wapewe vyeo vyenye uamuzi ndani yake: uweka hazina, upangaji wa ratiba, uchaguzi wa ukumbi. Akialikwa mtu wakati kila kitu kimeshaamuliwa, anajua kabisa kwamba ameitwa kujaza nafasi. Tarehe nayo iamuliwe na kamati hiyo. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyofaa zamani inaweza kuangukia mchana wa mfungo. Jumamosi huwafungia nje Wayahudi na Waadventista wanaoshika Sabato.

Jambo linaloharibu vikao vingi ni tafsiri. Mkalimani akisubiri msemaji amalize ndipo atafsiri, kikao cha saa moja kinakuwa cha saa mbili. Mwenyekiti asiyelijua hilo huanza kuharakisha, na wa kwanza kunyimwa nafasi ni yule anayehitaji mkalimani. Dawa ni kupunguza ajenda kwa nusu, kumpa mkalimani karatasi za kikao siku moja kabla, na kusema sentensi mbili au tatu kisha kunyamaza. Msemaji amtazame mgeni mwenyewe, asimtazame mkalimani. Mtoto asitumike kutafsiri mambo ya hospitali, polisi au madeni ya wazazi wake: hana msamiati huo, na anabebeshwa siri zisizo za umri wake. Pia si kila mwenye lugha hiyo anafaa. Waliokimbia vita wanaweza kuwa wametoka pande zilizokuwa zikipigana, na Kiarabu cha Moroko si rahisi kwa mtu wa Iraki. Muulize mgeni faragha kama anamkubali mkalimani huyo.

Orodha ya majina nayo inahitaji uangalifu. Wapo watu wasio na jina la ukoo, na wapo ambao jina la ukoo hutangulia. Fomu yenye nafasi mbili tu huwalazimisha kubuni, na baadaye jina lililoandikwa shuleni halilingani na lililo kwenye kibali cha kuishi nchini. Andika jina kama lilivyo kwenye hati, kisha uliza mtu anapenda aitweje. Wakimbizi wengi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu tarehe halisi haikujulikana wakati wa usajili. Karani asiwashuku kwa hilo, wala kamati isiwashangilie wote siku hiyo.

Kuhusu kuwapangia wageni familia za wenyeji, zipangwe mbili kwa kila familia mpya, maana ikiwa moja, huchoka na msaada ukakatika ghafla. Wiki za mwanzo wawasindikize kuandikisha watoto shule, kutafuta zahanati na kujifunza njia za usafiri. Mwenyeji asishike hati za mgeni, asimkopeshe fedha, wala asiingie kwake bila taarifa. Mipaka hiyo ielezwe siku ya kwanza kwa pande zote mbili. Isipoelezwa, mfadhili hugeuka bwana mkubwa bila kukusudia.

Tusiwasahau wenyeji maskini. Darasa la lugha, kliniki au kisima kikiwa cha wageni peke yao, manung'uniko yatafika kabla sherehe haijaanza, na hayo si ubaguzi tu. Mara nyingi ni njaa na uchovu wa kusubiri huduma. Huduma iwe wazi kwa wote wanaoihitaji katika mtaa, na tangazo lake liseme hivyo kwa maneno yasiyo na utata.

Siku yenyewe, viti visipangwe safu zikitazama jukwaa. Vipangwe makundi ya watu sita hadi wanane, waliochanganywa, na kila kundi lipewe kazi ya kufanya pamoja. Kisha kamati isivunjwe. Tarehe ya kazi inayofuata, iwe kupanda miti au kukarabati uzio wa shule, itangazwe kabla watu hawajaondoka, na watakaoshiriki waandikwe majina hapohapo.