Cheti cha uyoga kitaje aina ya aseniki

Mhariri,

Masika yakikolea, uyoga wa porini huuzwa Dar es Salaam bila mnunuzi kujua umeota wapi. Uliochumwa kwenye mabaki ya uchimbaji wa dhahabu, au palipotibiwa nguzo kwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki (elementi yenye aina za sumu na zisizo na madhara), lazima upimwe. Kuchemsha hakuiui aseniki. Lakini cheti chenye kiwango cha jumla pekee hakimsaidii mlaji.

Uyoga wa jamii ya Agaricus mara nyingi huhifadhi aseniki kama asenobetaini, aina ileile ya samaki wa baharini, ambayo mwili huitoa kwenye mkojo bila madhara. Uyoga mwingine hubeba asenaiti na asenati, aina za aseniki ambazo ndizo zinazosababisha saratani. Jumla ikiwa miligramu 5 kwa kilo ya uyoga mkavu, bado hujajua kama unalika.

Maandalizi ndiyo yanayoharibu vipimo vingi. Kata tako la shina lenye udongo, kwani udongo kidogo tu wa mgodini huweza kupotosha jibu lote. Osha, kausha kwa kugandisha, saga. Tikisa gramu 0.2 kwenye mililita 10 za maji safi ya maabara, zungusha kwenye sentrifuji, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45. Pima mapema, maana asenaiti ikikaa hugeuka asenati.

Kwenye safu ya kutenganisha anioni, yaani bomba la kutenganisha chembe zenye chaji hasi, kuna mtego: asenobetaini na asenaiti hutoka mwanzoni, karibu pamoja, na ni rahisi kisicho na madhara kuandikwa sumu. Gawa mchujo mara mbili, sehemu moja itie peroksidi ya haidrojeni. Asenaiti yote itakuwa asenati na kutoka baadaye. Kilele kinachobaki mwanzoni mwa grafu kihakikishwe kwenye safu ya kationi, ya chembe zenye chaji chanya. Asidi ya haidrokloriki isitumike kabisa: klorini ikiungana na gesi ya argoni ya mashine, ambayo hutambua chembe kwa uzito wake, hutoa uzito wa 75, sawasawa na aseniki. Gesi ya heliamu kwenye chemba ya migongano ya mashine hiyo hupunguza kosa hilo.

Kisha jumlisha aina zote, ulinganishe na aseniki yote iliyopatikana kwa kuyeyusha sampuli katika asidi ya nitriki. Maji yakiwa yametoa asilimia 60 tu, cheti kiseme hivyo. Hiyo asilimia 40 iliyobaki kwenye mashapo haijatambuliwa, na isihesabiwe kuwa salama.

Wakemia wa maabara,
Dar es Salaam