Vijana hawakimbii kazi, wanakimbia ahadi hewa

Mhariri,

Nasimamia karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Mwaka jana vijana watatu niliowafundisha kushika randa waliondoka ndani ya miezi miwili. Wenzangu wanasema vijana wa siku hizi hawana subira. Si kweli. Mmoja alinionyesha daftari lake: siku 18 za posho, kila moja kaandika "kesho". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Sisi tulimpa msasa na maneno matupu.

Sasa anayeingia anapata mkataba, michango ya NSSF inapelekwa, na Jumamosi jioni analipwa. Wawili wamerudi. Wa tatu, fundi wa nakshi kuliko wote, anaendesha bodaboda Tandika. Hilo linaniuma.

Msimamizi wa karakana,
Keko, Dar es Salaam