Ile namba niliyokuapia

Sahibu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, wa kwangu wote wazima. Najua nimenyamaza sana, ila leo aibu ndiyo imenikalisha kitako. Ile 4,294,967,297 niliyokuapia kuwa ni namba tasa, si tasa. Inagawanyika. Kama umeshamwambia Shemeji, rudi ukamwambie tena, na jina langu usilitaje.

Nilianza na 3, nikapanda na namba tasa moja baada ya nyingine, kufika 400 na ushee mkono ukauma. Nikajisemea, kama zote hizi zimegoma, basi hakuna ya kuigawa. Uvivu huo! Juzi nikaishika tena, nikaendelea mpaka 641. Hebu fuata na penseli: 641 kwenye 4,294 inaingia mara 6, inabaki 448. Shusha 9, inakuwa 4,489. Mara 7, baki 2. Kwenye jibu zinafuata sifuri mbili, kisha 4, kisha 1, halafu ghafla 448 ileile imerudi! Ila safari hii inayoshuka ni 7, na 4,487 ni 641 mara 7 kamili. Baki sifuri. Nimefuta nikarudia mpaka karatasi ikatoboka. Jibu ni 6,700,417, nayo ndiyo tasa ya kweli. Tuliyoiita tasa, kumbe ina watoto wawili.

Kinachonipoza ni kwamba Fermat, yule mwanahisabati wa zamani, naye aliteleza hapohapo. Alichukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akiongeza 1. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa, akaamini na zinazofuata zitakuwa hivyo. Kipeo cha 32 ndicho kinachotoa hii yetu. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati mwingine, akaja na 641, na ndoto ikaishia hapo. Mpaka leo baada ya 65,537 hakuna aliyepata nyingine iliyo tasa.

Sasa sikia kinachoniuma. Kila kigawo tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibaki 1. Za namna hiyo chini ya 641 ni nne tu: 193, 257, 449 na 577. Ya tano ndiyo yenyewe! Majaribio matano, sahibu, na mimi nimesaga penseli kwa themanini hivi na bado sikuwa nimefika... basi tuache.

Hivi wewe uliponiandikia kwamba umeihakiki, uliihakiki vipi? Au uliniamini tu? Shemeji alisemaje? Lile daftari langu la mahesabu bado unalo, au limeshawashiwa moto? Na ile ya kipeo cha 64, kigawo chake kidogo kabisa kinachozidi 1 ni 274,177: tugawane kazi, au nikuachie wewe mwenye mkono mzima?

Wako,
mwenye penseli fupi