Barua ya wazi kwa vijana wa mtaa wetu, Majengo, Moshi

Wanangu, wajukuu zangu,

Jumamosi alfajiri kenta ilisimama nyumba ya kona. Mzee na bibi yetu wanarudi kwao Usangi, baada ya kuishi hapa tangu wengi wenu hamjazaliwa. Waliobeba vyombo ni wazee watatu, tunahema na kabati la mninga, huku dereva akilalamika anacheleweshwa. Ninyi mlikuwa ndani. Saa tatu mkatuma "safari njema" kwenye kundi la WhatsApp. Nimeudhika, na siwafichi.

Hivi mnamjua yule bibi? Mama zenu walipojifungua, ndiye aliyewakanda kwa maji ya moto. Mpare yule alijifunza kupika mtori wa Kichaga ili wazazi wa mtaa huu wapate nguvu. Maji yakikatika tulichota kwenye tangi lake, na hakuna aliyedaiwa hela ya ndoo. Sikukuu ya Idd, sahani za pilau zilitoka kwake kabla watu wake hawajala, zikaingia nyumba za Wakristo. Zilikuwa za bati, zina ua jekundu katikati, limebanduka rangi ukingoni. Krismasi zilirudi kwake zimejaa ndizi na nyama. Sahani ya jirani hairudi tupu, wanangu. Nani kati yenu amewahi kumrudishia hata moja?

Akifa mtu mnajipanga vizuri sana. Turubai linafungwa, kamati inakaa, daftari la rambirambi linazunguka, anatafutwa mwenye sauti nzuri asome wasifu. Harusi ndiyo usiseme: kadi za michango mpaka watu wanazima simu. Lakini jirani anayeondoka mzima, mwenye masikio ya kusikia asante yake, hana kamati wala hata soda! Wema wake mnasubiri kuutaja akiwa kaburini?

Lawama si zenu peke yenu. Mji umeota kuta zenye vigae vya chupa juu na mageti ya chuma. Zamani balozi wa nyumba kumi alijua nani kaingia na nani anahama. Leo mpangaji anamaliza mwaka tunamtambua kwa rangi ya gari lake. Watoto watajifunzia wapi ujirani?

Jirani akihama, nendeni kwake kabla ya siku yenyewe. Lipeni mlichokopa. Ombaneni radhi, maana walioishi pamoja hawakosi kukwaruzana. Chukueni namba za watoto wake. Na Usangi si mbali: ni basi la Mwanga, kisha gari la kupanda mlimani. Nendeni mkawaone.

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili kutoka msikitini anahama mwisho wa mwezi. Wavulana, siku hiyo saa kumi na moja alfajiri nataka niwakute getini kwake. Mabinti na akina mama, chai ya mwalimu na familia yake iwe tayari kabla gari halijafika.

Ni mimi, mzee wenu.