Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: mwamba tunafunga, barafu hatuna

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mvuvi wa pweza huku Kilwa, kazi niliyorithi kwa mama, naye kwa bibi. Ni kazi ya bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana: maji yakipwa tunashuka mwambani kwa miguu, mkonjo (fimbo ya kuchomea pweza) mkononi, macho kwenye mashimo. Bibi alikuwa na sharti moja. Ukimkuta pweza kajizibia pangoni kwa vijiwe, hatoki hata umchokoe, huyo kalalia mayai. Mwache. Jike huyo hali kitu mpaka mayai yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimchomoa umekula na wa mwakani.

Siku hizi kijiji kizima kinafuata ya bibi. Tunaufunga mwamba miezi mitatu, havuliwi pweza, vijana wanaulinda usiku, na pweza asiyefika nusu kilo haguswi, kama kanuni inavyotaka. Tukifungua, wanatoka wa kilo mbili, hata tatu.

Tabu inaanzia hapo. Tulipofungua mara ya mwisho, saa saba mchana diko, yaani pwani tunaposhushia samaki, lilikuwa limejaa pweza. Barafu ililetwa na pikipiki kutoka mjini, nusu yake imeshakuwa maji. Mnunuzi alikaa kivulini na kahawa yake, hana haraka. Saa kumi pweza wakaanza kupauka na kunuka, tukauza kwa bei aliyoitaja yeye.

Wachache tuna friza nyumbani, lakini ukiijaza pweza waliotoka juani, hata siku nzima hawajaganda. Wakiganda polepole hivyo, barafu inachana nyama kwa ndani. Wakiyeyuka wanatoa maji tele na uzito unapungua. Akigandishwa upesi angali mbichi, akatunzwa nyuzi 18 chini ya sifuri, pweza anangoja bei kwa miezi. Tena analainika. Bibi alimlainisha kwa kumpiga jiweni mpaka mkono ukafa ganzi!

Boti za mkopo za serikali tumezisikia, na tunashukuru. Sisi wa mwambani tunakwenda kwa miguu. Tunachoomba ni mtambo wa barafu na chumba cha ubaridi hapa dikoni, chini ya BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, tulipie kwa kilo. Kiwanja tumeshatenga, chini ya mti wa mkungu, jua halifiki.

Mwamba tunaufungua tena bamvua ya mwezi ujao.

Mimi mvuvi wa pweza,
Kilwa